Kutengeneza kipande cha haidroksiapatiti cha kujazia mfupa: mwongozo kamili kuanzia kwenye bika hadi kipimo cha seli

Mwongozo huu ni kwa mwanafunzi, mtaalamu wa maabara au kikundi cha watafiti wanaotaka kutengeneza kipande chenye vitundu, kinachofanana kikemia na madini ya mfupa, cha kujazia tundu kwenye mfupa. Madini hayo huitwa haidroksiapatiti. Kipande kikikamilika huwa cheupe, kigumu, chepesi, na mwanga hupenya kwenye vitundu vyake ukikielekeza dirishani.

Watu wengi hudhani kazi ngumu ni tanuri. Sivyo. Nyufa, sumu kwa seli na vipande vinavyogeuka unga baada ya miezi miwili kabatini mara nyingi chanzo chake ni siku ya kwanza, kwenye bika, pale kalsiamu ilipopimwa vibaya kidogo au asidi ilipomiminwa kwa haraka. Ndiyo maana sehemu kubwa ya maelezo haya inakaa kwenye bika.

Kinachotoka hapa ni bidhaa ya utafiti. Hakiingii mwilini mwa mtu kabla ya vipimo na vibali vilivyotajwa mwishoni, hata kama kinapendeza vipi kwenye darubini.

Andika kwanza kazi ya kipande

Kabla ya kugusa mizani, jaza karatasi moja yenye majibu ya maswali haya: tundu liko kwenye mfupa gani, lina ukubwa gani, linabeba uzito au halibebi, na unataka kipande kikae au kiyeyuke.

Swali la uzito ndilo linalowaangusha wengi. Mfupa wa ndani, ule wa sponji, huvunjika kwa mgandamizo wa megapaskali 2 hadi 12 hivi. Mfupa wa nje ulioshikamana hufika 100 hadi 230. Kipande cha haidroksiapatiti chenye vitundu asilimia 80 kilichotengenezwa kwa njia ya sponji mara nyingi hakifiki hata megapaskali 1. Kwa hiyo kinafaa kujaza shimo lililobaki baada ya kukwangua uvimbe usio wa saratani, au pengo dogo ambalo tayari limeshikwa na sahani na skrubu au msumari wa ndani ya mfupa. Hakifai kusimama peke yake kwenye muundi wa goko ukitegemea mgonjwa atembee. Daktari wa mifupa akikuomba kipande cha kubeba uzito, mwambie ukweli mapema. Hiyo ni kazi ya titani.

Kuhusu kuyeyuka: haidroksiapatiti safi hukaa mwilini miaka mingi. Trikalsiamu fosfeti ya aina ya beta, kwa kifupi TCP, huyeyuka haraka zaidi na kuacha nafasi kwa mfupa mpya. Wengi huchanganya zote mbili, kwa mfano 60 kwa 40. Mwongozo huu unafuata haidroksiapatiti safi kwa sababu ukiiweza hiyo, mchanganyiko ni suala la kubadilisha hesabu tu.

Vitundu navyo viandikwe kwa namba. Seli na mishipa midogo ya damu huhitaji njia ya angalau mikromita 100. Mikromita 300 na zaidi ni bora kwa mfupa kuingia. Andika pia ukubwa wa *dirisha*, yaani mlango kati ya kitundu na kitundu. Kitundu cha mikromita 500 chenye dirisha la mikromita 30 ni chumba kisicho na mlango.

Hesabu inayoamua kila kitu

Kanuni ya haidroksiapatiti ina atomu 10 za kalsiamu kwa 6 za fosforasi, yaani uwiano wa 1.667. Viwango vya kimataifa vya haidroksiapatiti ya upasuaji vinaruhusu madini mengine ya fuwele yasizidi asilimia 5. Sasa angalia jinsi nafasi hiyo ilivyo finyu.

Chukulia kalsiamu imepungua kwa asilimia 1 tu, uwiano ukawa 1.65. Ukichoma unga huo, sehemu iliyopungukiwa hugeuka TCP. Fanya hesabu ya moli: unapata moli 3 za haidroksiapatiti (gramu 3014) kwa moli 1 ya TCP (gramu 310), yaani TCP zaidi ya asilimia 9 kwa uzito. Kosa la asilimia 1 kwenye mizani limekuwa asilimia 9 kwenye bidhaa, na kundi zima, yaani unga wote wa bika hilo, halifai.

Upande wa pili unadanganya zaidi. Kalsiamu ikizidi kwa asilimia 1, ziada hubaki kama oksidi ya kalsiamu, na ni kama asilimia 0.6 tu ya uzito. Inaonekana kidogo. Lakini oksidi hiyo ikikutana na unyevu hugeuka haidroksidi, na ujazo wake unakaribia kuongezeka maradufu. Ndani ya mhimili mwembamba wa kipande (kijiti kati ya kitundu na kitundu), hiyo ni kabari: inapasua kutoka ndani, polepole, hata kipande kikiwa kimelala kwenye mfuko. Ikifika kwenye seli hupandisha pH na kuziua. Kipande chenye TCP kidogo bado kinaweza kutumika kwa kazi nyingine. Chenye chokaa huru, yaani oksidi hiyo, kitupwe.

Malighafi

Kwa kundi la takriban gramu 50 utahitaji:

- haidroksidi ya kalsiamu ya daraja la maabara, nusu moli (gramu 37.05 ikiwa safi kabisa)
- asidi ya fosforiki ya asilimia 85, moli 0.300 (gramu 34.6, sawa na mililita 20.5 hivi) kwa kila lita ya myeyuko, na ziada kidogo ya kupimia
- amonia ya maji, ya kurekebisha pH
- maji yaliyokenekwa, lita 6 au zaidi, yaliyochemshwa dakika 15 na kupozwa yakiwa yamefunikwa ili kuondoa kaboni dioksidi
- bika la lita 3, kikorogeo chenye pangaboi, bureti au pampu ndogo ya matone, na kipima pH

Maji ya betri ya dukani yasitumike. Na chokaa ya ujenzi isitumike hata kama ni nyeupe pe. Pwani yetu imejenga misikiti na majumba kwa chokaa ya matumbawe yaliyochomwa, na ni kweli kwamba matumbawe yana historia kwenye fani hii: mwaka 1974 Della Roy na Sari Linnehan walionyesha kuwa kiunzi cha tumbawe kinaweza kugeuzwa kuwa haidroksiapatiti kwa fosfeti, joto na shinikizo, na bidhaa za kujazia mfupa zikatokana na njia hiyo. Lakini chokaa ya tanuu huja na majivu, magnesiamu, strontiamu na mchanga, na hutajua vimo kwa kiasi gani.

Kuna tatizo hata kwenye chupa ya maabara. Haidroksidi ya kalsiamu hunyonya kaboni dioksidi kila chupa inapofunguliwa, hivyo gramu 37.05 za chupa ya zamani hazina nusu moli ya kalsiamu. Namna rahisi ya kujua: pima gramu 1.000 kwenye kikombe cha alumina, choma nyuzi 1000 za Selsiasi kwa saa 2, poza kwenye chombo kikavu kilichofungwa, pima tena. Kinachobaki ni oksidi tupu. Unga safi huacha gramu 0.757. Ukipata 0.735, gawanya 28.04 kwa 0.735: unahitaji gramu 38.15 za unga wa chupa hiyo, si 37.05. Dondoshea pia tone la asidi ya haidrokloriki kwenye chembe ya unga. Ukiona mapovu mengi, usifanye hesabu ya fidia. Choma unga wote upate oksidi na uutie maji upya, maana kabonati huingia ndani ya fuwele na kubadilisha kitakachotokea tanurini.

Asidi nayo huvuta maji kutoka hewani. Tengeneza zaidi kidogo ya lita 1 ya myeyuko wa 0.300 M (moli 0.300 kwa lita), ili lita kamili ibaki baada ya kupima. Chukua mililita 5, upime kwa bureti ukitumia haidroksidi ya sodiamu ya 0.100 M. Badiliko la kwanza la rangi, kwa methili chungwa, liwe kwenye mililita 15.0. Badiliko la pili, kwa thimolfthaleini, liwe kwenye mililita 30.0. Rudia mara tatu. Tofauti ikizidi mililita 0.1, rekebisha myeyuko kabla ya kuendelea.

Siku ya mashapo

Chekecha haidroksidi ya kalsiamu kwenye chekecheo la mikromita 75 au dogo zaidi. Mimina kwenye bika lenye lita 1 ya maji, koroga mizunguko 400 hadi 500 kwa dakika kwa saa nzima. Funika, na weka joto la nyuzi 35 hadi 40. Utakuwa na maji meupe mazito kama tui, pH ikiwa juu kidogo ya 12.

Sasa dondosha lita 1 ya asidi kwa mililita 5 kwa dakika. Itachukua saa tatu na dakika ishirini. Hapa ndipo mtu hutamani kufungua koki apate kwenda kula, na hapa ndipo kundi huharibika. Sababu ni hii: haidroksidi ya kalsiamu huyeyuka kwa shida, chini ya gramu 2 kwa lita. Sehemu kubwa ya chokaa kwenye bika bado ni chembe ngumu. Asidi ikija kwa wingi, apatiti hujijenga juu ya chembe kama ganda na kufungia chokaa katikati. Uwiano wa jumla uko sawa, mizani haikukosea, lakini kila chembe ina kiini cha chokaa na ganda lililopungukiwa kalsiamu. Ukichoma unapata TCP na oksidi ya kalsiamu *kwa pamoja*. Ukiviona vyote viwili kwenye kipimo cha eksirei, usihangaike na hesabu. Tatizo ni mwendo wa asidi au ukorogaji.

Fuatilia pH. Itashuka taratibu, kisha kwa kasi kuelekea mwisho. Isiende chini ya 10: ikikaribia, ongeza amonia kidogo kidogo hadi 10.5 au 11. pH ikishuka chini ya 9 wakati asidi bado inaingia, mashapo yanayozaliwa yatapungukiwa kalsiamu. Fanya kazi ndani ya kabati la kuvuta moshi, kwa sababu amonia kwenye nyuzi 40 haina huruma kwa macho. Ncha ya kipima pH huziba kwa chokaa. Ichovye kwenye asidi nyepesi na kuisuuza kila nusu saa, la sivyo utakuwa unasoma namba za uongo.

Asidi ikiisha, suuza bureti kwa maji na uyaingize yote kwenye bika. Endelea kukoroga saa 2, kisha acha limefunikwa saa 24. Muda huu si mapumziko. Viini vya chokaa vilivyobaki huendelea kuyeyuka na kuingia kwenye fuwele. Pima pH asubuhi; ikiwa chini ya 9.5, ongeza amonia na ukoroge saa 2 zaidi.

Chuja kwa faneli ya Buchner na pampu. Suuza mara tatu kwa lita 1 ya maji kila mara, ukiikoroga keki upya kwenye maji badala ya kumwagia juu tu. Kausha nyuzi 80 kwa saa 24. Kwa hesabu kamili ungepata gramu 50.2, gramu 45 hadi 48 ni mavuno mazuri.

Usiende mbele bila kupima kundi. Choma gramu 2 kwenye nyuzi 1000 kwa saa 15, saga, peleka kwenye mashine ya eksirei. Kwa eksirei ya shaba (K-alfa), haidroksiapatiti ina vilele vikuu vitatu karibu na pembe (2θ) za nyuzi 31.8, 32.2 na 32.9; hizi si nyuzi za joto. TCP ya beta huchungulia kwenye 31.0, na oksidi ya kalsiamu kwenye 37.4. Kama mashine iko chuo kingine na foleni ni ndefu, angalau dondoshea fenolfthaleini kwenye unga uliochomwa na kulowanishwa: pinki kali ya papo hapo ni chokaa huru. Kipimo hiki hakioni TCP, lakini kinakuokoa na kosa baya zaidi.

Unga uliochomwa ukigeuka samawati, usidhani ni kioja. Ni manganizi kidogo sana iliyoingia kutoka kwenye malighafi au vyombo. Tafuta chanzo chake, maana kilicholeta manganizi huenda kimeleta na mengine. Peleka sampuli ipimwe metali nzito: aseniki isizidi miligramu 3 kwa kilo, kadmiamu 5, zebaki 5, risasi 30, na jumla ya metali nzito isizidi 50.

Kuutayarisha unga

Unga mbichi una chembe ndogo mno. Hunyonya maji kupita kiasi na ukikauka hupasuka kama tope la mbuga kiangazi. Uchome kwanza nyuzi 900 kwa saa 2, kisha usage kwenye chupa ya plastiki yenye gololi za zirkonia, si za chuma.

Kwa kila gramu 30 za unga: maji gramu 17, kitawanyishi (poliakrilati ya amonia) gramu 0.45 ukihesabu kikavu, na gololi gramu 100 hivi. Zungusha saa 12. Pembeni, yeyusha gramu 0.5 za polivinili alkoholi kwenye gramu 5 za maji ya nyuzi 85, poza, ongeza mwishoni, na zungusha saa 2 tena. Ukitia gundi hii mwanzoni, chupa hujaa povu, na kila povu hubaki kama shimo ndani ya mhimili. Matone mawili ya oktanoli hutuliza povu lililobaki.

Uji unaofaa hudondoka kwenye kijiko kwa uzi mfupi kisha hukatika. Ukitiririka kama maziwa, mihimili itakuwa myembamba na kuvunjika. Ongeza unga gramu 2. Ukibaki kama dawa ya meno, ongeza maji nusu gramu kwa nusu gramu, au kitawanyishi kidogo. Lakini kitawanyishi kikizidi uji huwa mzito zaidi, jambo linalowachanganya wageni wa kazi hii.

Sponji

Tumia sponji ya poliyurethani ya chujio, ile ya seli zilizo wazi, yenye vitundu 45 kwa inchi. Godoro halifai: seli zake zina ngozi nyembamba zinazoziba madirisha. Kata vipande kwa kisu kikali au bomba lenye ncha. Kipande kitasinyaa tanurini kwa karibu asilimia 20 kwa kila upande, hivyo kwa silinda ya milimita 10 anza na milimita 12.5. Unga wako utakuwa na namba yake. Choma vipande vitatu vya majaribio, upime, kisha ukate vilivyobaki.

Loweka vipande kwenye haidroksidi ya sodiamu ya 1 M kwa dakika 20, suuza hadi maji yasibadilishe rangi ya karatasi ya pH, kausha. Hatua hii hula mabaki ya ngozi na kuufanya uso wa plastiki ushike uji.

Bana sponji ndani ya uji kwa vidole vyenye glavu, iachie ikiwa bado imezama, rudia mara tano hadi mapovu yakome. Itoe, ibane kati ya vioo viwili hadi theluthi moja ya kimo chake, geuza, bana tena. Kisha puliza hewa laini kwa balbu ya mpira kutoka juu hadi upande wa pili upitishe hewa. Itazame dhidi ya taa: ukiona utando kwenye madirisha, puliza tena. Dakika hii ndiyo inayoamua kama mfupa utaingia au hautaingia, na hakuna hatua ya baadaye inayofungua dirisha lililozibwa hapa.

Laza kwenye wavu, geuza kila nusu saa kwa saa 3 za kwanza ili uji usitulie chini, kisha acha ikauke saa 24 kwenye joto la chumba. Usiweke juani wala mbele ya feni. Ikikauka upande mmoja kwanza, hupinda na kupasuka pembeni. Ukitaka mihimili minene, rudia kwa uji uliopunguzwa makali kwa maji asilimia 20, lakini kausha ya kwanza kabisa kabla.

Tanuri

Weka vipande juu ya kitanda chembamba cha unga wa haidroksiapatiti kwenye sahani ya alumina, vipate kusinyaa bila kukwama. Ratiba ni hii: nyuzi 1 kwa dakika hadi 600, kaa saa 1, nyuzi 3 kwa dakika hadi 1250, kaa saa 2, shuka nyuzi 3 hadi 5 kwa dakika hadi 200, kisha zima na uache mlango umefungwa hadi kesho.

Sehemu ya kwanza ni ya subira kwa sababu kati ya nyuzi 200 na 450 plastiki inaungua na kutoa gesi, na wakati huo kinachoshika umbo ni unga mkavu tu. Ukikimbia hapa, kipande huporomoka na kubaki kilima cha chembe. Moshi wa poliyurethani una sumu. Tanuri liwe na bomba la kutoa moshi nje, si ndani ya chumba.

Ukivuka nyuzi 1350 haidroksiapatiti huanza kuvunjika yenyewe. Na kama kundi lina TCP, juu ya nyuzi 1125 TCP ya beta hugeuka kuwa ya alfa inayoyeyuka haraka zaidi na kuongezeka ujazo. Huo ni mlango mwingine wa nyufa unaorudi kwenye uwiano wa bika. Kipande cha kijivu kina mabaki ya kaboni: hewa ilikuwa haba au ulipanda haraka. Kipande kinachoacha unga kwenye kidole hakijashikana vya kutosha. Kwanza hakiki joto halisi la tanuri kwa kipimajoto cha pili, maana tanuri lililozeeka huweza kupotoka kwa nyuzi 40 bila kuonyesha dalili yoyote kwenye kioo chake.

Kukagua

Anza na mizani na kalipa. Silinda ya kipenyo cha milimita 10 na kimo cha milimita 5 ina ujazo wa sentimita za ujazo 0.393. Haidroksiapatiti isiyo na tundu ina uzito wa gramu 3.16 kwa sentimita ya ujazo. Kipande chako kikiwa na gramu 0.248, kimejaa asilimia 20, kwa hiyo vitundu ni asilimia 80. Weka mipaka, kwa mfano 75 hadi 85, na utenge vinavyotoka nje.

Madirisha yapimwe kwenye darubini: vunja kipande kimoja kwa kila kumi, pima madirisha 50, andika wastani na *dogo kabisa*. Kisha simamisha kipande kizima kwenye milimita moja ya maji yenye methilini buluu. Rangi inapaswa kupanda hadi juu ndani ya sekunde chache. Ukikipasua na kukuta kiini cheupe, kuna eneo lililozibwa.

Ukiangalia mhimili uliokatika utaona tundu la pembetatu katikati yake. Hapo ndipo uzi wa sponji ulipoungua. Huo ndio udhaifu wa njia hii, na huwezi kuuondoa kabisa. Ndiyo sababu nguvu ipimwe kwa vipande 10 au zaidi, kwa mwendo wa milimita 0.5 kwa dakika, na uripoti mtawanyiko, si wastani peke yake. Vipande viwili vya kauri (madini yaliyochomwa yakashikana, kama hivi) vya kundi moja vinaweza kutofautiana maradufu.

Kusafisha, kuua vijidudu na kupima kwenye seli

Suuza vipande kwenye maji yaliyokenekwa ndani ya chombo cha mawimbi ya sauti, dakika 10 mara tatu, hadi maji yabaki angavu. Chembe zilizolegea ni hatari yake peke yake: seli za ulinzi huzimeza na kuanzisha uvimbe. Kausha nyuzi 100.

Kauri haiogopi joto, kwa hiyo joto kavu la nyuzi 160 kwa saa 2 ndani ya chupa ya kioo au karatasi ya alumini linatosha kwa kazi ya maabara. Mifuko ya karatasi na plastiki inafaa kwa mvuke wa nyuzi 121, si kwa joto kavu. Kwa bidhaa ya baadaye, mionzi ya gama ya kilogrei 25 ndiyo ya kawaida.

Kipimo cha kwanza cha seli hufuata ISO 10993-5, kiwango cha kimataifa cha kupima sumu kwa seli. Loweka vipande kwenye kimiminika cha kukuzia seli, gramu 0.1 kwa mililita, nyuzi 37, saa 24. Kisha weka kimiminika hicho juu ya seli, kwa mfano L929 (seli za panya zinazokuzwa maabara), pamoja na kidhibiti kisicho na sumu na kingine chenye sumu inayojulikana. Uhai wa seli ukishuka chini ya asilimia 70 ya kidhibiti, kuna dalili ya sumu. Kabla ya kukata tamaa pima pH na kalsiamu ya kimiminika. Kauri yenye vitundu hunyonya kalsiamu na fosfeti, na seli zinaweza kufa kwa njaa ya kalsiamu bila sumu yoyote. Kulowesha kipande kabla kwa saa 24 na kubadilisha kimiminika hutofautisha mambo hayo mawili: njaa hupungua, ilhali pH ikibaki juu ya 8.5 rudi kwenye fenolfthaleini.

Kuloweka kwenye kimiminika cha Kokubo kinachofanana na maji ya damu, pH 7.40 na nyuzi 36.5, huonyesha kama apatiti mpya inaota juu ya uso. Ni picha nzuri kwa ripoti, lakini haithibitishi kwamba mfupa utaota.

Wanyama hufuata baada ya hapo, mara nyingi sungura, kwenye ncha ya chini ya paja, kwa kibali cha kamati ya maadili na daktari wa mifugo akiwepo. Kwa matumizi ya binadamu, zungumza mapema na mamlaka ya vifaa tiba: TMDA kwa Tanzania, Pharmacy and Poisons Board kwa Kenya. Watataka kuona mfumo wa ubora wa ISO 13485 na jalada la kila kundi. Kwa hiyo tangu kundi la kwanza la majaribio, mpe kila bika namba; andika namba za chupa za malighafi, uzito uliobaki baada ya kuchoma chokaa, usomaji wa bureti, pH kila nusu saa, na mchoro halisi wa tanuri. Tunza gramu 5 za unga na vipande vitatu visivyotumika vya kila kundi kwenye chombo kikavu, na uvitazame kila mwezi kwa mwaka mzima. Nyufa za chokaa huru zitajionyesha hapo, mara nyingi kabla ya mwezi wa tatu.